Ngoma na Sauti Katika Miaka 50 ya Kwaya Yetu



Hii ni Jubilei ya Dhahabu ya kwaya yetu. Historia ya viongozi, ya kanda tulizorekodi na ya safari tulizofanya mtaipata katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi wa ofisi ya katibu tumeombwa tuandike juu ya jambo moja ambalo limetufuata miaka yote 50, likatupa furaha na likatugombanisha pia: sauti ya ngoma.

Tulipoyafungua madaftari ya kumbukumbu za mikutano ili tuandike makala haya, tulikuta sentensi moja inayojirudia: "Mpiga ngoma aombwe apunguze." Tumeihesabu mara 17, kwa mwandiko wa makatibu sita tofauti. Hakuna ukurasa hata mmoja unaoeleza apunguze vipi.

Ngoma ilivyoingia kanisani

Wazee wetu walikua wakijua kwamba ngoma haina nafasi kanisani. Katika misheni nyingi nchini wamisionari waliihusisha na matambiko na sherehe za jando, na Mkristo mpya alitarajiwa kuiacha nje. Ndani kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, nyimbo za Kilatini na nyimbo zilizotafsiriwa kutoka Ulaya.

Mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ilitaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada, na ikakubali vyombo vingine mbali na kinanda kikubwa cha filimbi, mradi viwe vinafaa kwa kazi takatifu. Wengine walikuwa wametangulia. Mwaka 1958 Padre Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina, Congo, walirekodi Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi na ngoma za Kikongo. Hapa kwetu Muungano National Choir, chini ya mwalimu Boniface Mganga, iliirekodi Misa hiyo upya na kuifikisha kwa wasikilizaji wa mbali.

Kuna hati nyingine ambayo haitajwi sana. Inaitwa Musicam Sacram, ya Machi 1967. Inafundisha kwamba vyombo vya muziki ni msaada kwa waimbaji na huwaunganisha waumini, lakini mlio wake usizidi hata maneno yakawa magumu kusikika. Tena padre au mhudumu anaposema kwa sauti sehemu iliyo yake, vyombo vinyamaze. Yaani ruhusa na mpaka vilikuwepo pamoja hata kabla kwaya yetu haijazaliwa. Ruhusa tuliishika mara moja. Mpaka umetuchukua zaidi ya miaka 40 kuuelewa.

Miaka ya ngozi na kayamba

Kwaya yetu ilianza na ngoma moja ya ngozi ya ng'ombe, kayamba mbili na njuga. Kanisa lilikuwa la mbao, sakafu ya udongo, paa la mabati. Mzee aliyekuwa mpiga ngoma wetu wa kwanza alifika mapema kuliko wote, akawasha moto mdogo nyuma ya jikoni la misheni na kuikausha ngozi mpaka ikaze. Msimu wa mvua ngozi ililegea kabla ya Misa kwisha, na ngoma iliyoanza kwa mlio mkali kwenye wimbo wa mwanzo ilifika kwenye Komunyo ikinong'ona.

Wazee wanasema siku hizo hakukuwa na ugomvi wa sauti. Tumejiuliza kwa nini, na jibu si kwamba watu wa zamani walikuwa wapole kuliko sisi. Mzee yule alipiga kwa viganja, na kiganja kina kikomo chake. Alikaa katikati ya waimbaji, hivyo alisikia kila neno, na kama hakulisikia alijua papo hapo kwamba amezidi. Mbao na udongo vilimeza sehemu ya mlio. Ngoma, watu na nyumba vilikuwa vimelingana bila mtu yeyote kupanga.

Umeme unafika

Umeme ulipofika parokiani tulinunua kinanda cha umeme, amplifaya moja, spika mbili na maikrofoni mbili. Kanisa jipya la mawe lilikuwa limekamilika: sakafu ya saruji, madirisha makubwa ya vioo, paa la mabati lisilo na dari. Tulilipenda, na bado tunalipenda. Lakini saruji, kioo na mabati havimezi sauti, huirudisha. Ukipiga kofi moja kanisa likiwa tupu, utalisikia likirudi kutoka pande zote.

Spika zilielekezwa kwa waumini, kama inavyopasa, lakini sisi tukabaki nyuma yake bila kujisikia. Mwimbaji asiyejisikia hupaza sauti. Akipaza, wa pembeni naye hupaza, na mpiga kinanda anaongeza ili asimezwe. Kisha unakuja ule mlio mkali unaowafanya watoto wazibe masikio. Tulidhani ni ubovu wa waya. Kumbe ni sauti inayotoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka tena, inazunguka hivyo hivyo mpaka inapiga kelele. Ukiongeza sauti unaulisha mlio huo huo.

Daftari la miaka hiyo lina maombi ya spika kubwa zaidi kila mwaka. Spika kubwa zaidi zilinunuliwa. Tatizo nalo likakua.

Dramu

Katika mwaka wa 31 wa kwaya, baada ya harambee mbili na mauzo ya kanda, tulinunua seti ya dramu. Vijana walijaa. Jumapili ya kwanza watu walicheza mpaka langoni, na sadaka ya shukrani siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya Pasaka. Hatuwezi kuandika historia hii kana kwamba dramu ilikuwa kosa. Wengi wetu tulio ofisini leo tuliingia kwaya kwa kuvutwa na dramu ile.

Tuliiweka kwenye kona, nyuma kabisa ya waimbaji, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Ndani ya miezi michache malalamiko yakaanza. Akina mama wa viti vya mbele walihama wakakaa nyuma. Waumini waliacha kuitikia, wakabaki kutazama. Wasoprano walimaliza Misa ya pili sauti zimekauka. Kila mara mtu alipolalamika, mwingine alitaja Zaburi ya 150 na matoazi yake, na mkutano ukaisha bila uamuzi ila sentensi ile ile: mpiga ngoma aombwe apunguze.

Katika mwaka wa 38 tuliimba kwenye mazishi ya mama mmoja aliyekuwa alto tangu kwaya ianze. Wimbo wa kuaga tuliuchagua kwa sababu yeye aliupenda, na beti zake ndizo alizowafundishia watoto wake. Baada ya ibada dada yake, bibi wa miaka mingi, alitushika mkono akasema, "Asanteni wanangu. Ngoma nimeisikia vizuri. Maneno sikuyasikia."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, kiongozi wetu mmoja alishika maikrofoni akamkemea mpiga dramu mbele ya kanisa zima. Alisema kijana huyo anapiga kama yuko disko na ameharibu mazishi. Kijana alikuwa na miaka 19. Aliweka vijiti juu ya kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni, na hakurudi katika kwaya.

Sisi tunaoandika haya tulikuwepo, kwenye teno na alto. Hakuna aliyesimama kumtetea. Wengine tulifurahi kimoyomoyo kwamba hatimaye kuna aliyesema.

Kumbe si kijana

Nafasi yake ilichukuliwa na binti wa kidato cha tatu, mwenye mikono myepesi. Tulistarehe kwa Jumapili mbili. Ya tatu, malalamiko yalirudi kama yalivyokuwa. Tulimwomba apige polepole, akapiga polepole, na bado beti hazikusikika.

Jibu tulilipata kwa fundi wa mitambo aliyekuja kutuandalia tamasha la kuzindua albamu. Alikuwa amefanya kazi na bendi za muziki wa dansi kwa miaka mingi. Kabla ya kuwasha chochote, alimwomba binti apige peke yake, naye akatembea hadi kiti cha mwisho akasimama. Kisha akatuomba tuimbe bila maikrofoni, dramu ikiendelea. Aliporudi alituambia mambo manne ambayo tumeyaandika kwenye jalada la daftari.

La kwanza: kona ni spika. Kuta mbili na sakafu hurudisha milio ya chini, hivyo ngoma kubwa ya mguu husikika nzito kuliko ilivyopigwa. Aliisogeza seti ikatoka kwenye kona, akaweka zulia chini yake na blanketi kuukuu ndani ya ngoma kubwa.

La pili: maikrofoni haichagui. Dramu ikiwa nyuma ya waimbaji, mlio wake huingia kwenye maikrofoni za waimbaji. Tulipoongeza sauti ya kwaya tulikuwa tunaongeza dramu pia. Miaka saba tulikuwa tukiuzima moto kwa mafuta ya taa. Aliihamishia dramu ubavuni, mbali na midomo ya maikrofoni, na maikrofoni akazisogeza karibu na waimbaji.

La tatu: matoazi ndiyo humeza maneno. Herufi kama s, f, t, k na p husikika katika milio ya juu, na huko huko ndiko matoazi hulia. Ngoma nzito huufunika mwili, toazi hufunika neno. Ndiyo maana kwa waliokaa nyuma "pendo" liligeuka "tendo", na siku ya Bwana "kupaa" wengine walisikia "kukaa". Alimpa binti vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja kama fagio dogo, akamwambia toazi kubwa aliguse kwenye kiitikio tu.

La nne: mwimbaji ajisikie. Alituwekea spika ndogo sakafuni mbele yetu, monita, ikitutazama. Maikrofoni za kuimbia huchukua sauti zaidi kutoka mbele na kidogo kutoka nyuma, kwa hiyo monita inakaa mgongoni mwa maikrofoni, na ule mlio mkali hauji upesi. Ndani ya monita aliweka sauti zetu na kinanda kidogo. Dramu hakuiweka kabisa, maana ilikuwa inasikika tosha.

Kisha alipanga sauti kwa mpangilio ambao hatukuwahi kuufikiria. Alianza na dramu bila maikrofoni, kwa kuwa ndicho chombo kisicho na kitufe cha kupunguza. Akaja kwa waimbaji, akawapandisha mpaka neno likasikika kiti cha mwisho. Gitaa la besi, gitaa la solo na kinanda vilikuja mwisho, kila kimoja chini ya sauti za watu. Kisiposikika kitu, alitafuta kwanza cha kupunguza. Sisi miaka yote tulikuwa tunatafuta cha kuongeza.

Siku hiyo binti yule alipiga kwa nguvu zile zile za Jumapili, na tulisikia kila ubeti. Kimya kilichofuata hakikuwa cha furaha. Kila mmoja alikuwa anamkumbuka kijana wa mwaka wa 38.

Nje si ndani

Tulipoanza kualikwa kwenye harusi, tamasha na ibada za uwanjani pamoja na bendi, tulijifunza kwamba mpango wa kanisani hauhami ulivyo. Wanakwaya wetu waliokwenda Uhuru Park mwaka 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofunga Kongamano la Ekaristi, hukumbuka jinsi mlio wa ngoma ulivyopotea hewani. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka mahali pamoja hushuka kama desibeli 6. Kwa hiyo nje dramu yenyewe huhitaji maikrofoni, na spika huinuliwa juu ya vichwa, kwa maana miili ya watu wa mbele huzuia sauti isiwafikie wa nyuma.

Hata kanisa letu hubadilika. Jumamosi jioni, wakati wa mazoezi, viti vikiwa tupu, kila kitu huvuma. Jumapili watu na nguo zao humeza sehemu ya sauti. Ukipima Jumamosi ukaacha hivyo hivyo, hujapima Jumapili.

Kwenye jukwaa la bendi tumejifunza pia kwamba ugomvi huanzia kwenye monita. Mpiga gitaa akiomba aongezwe, mpiga kinanda naye huomba, na mpiga dramu hupiga zaidi ili ajisikie. Siku hizi tunakubaliana kabla ya kuanza: anayetaka kujisikia zaidi aseme kwanza ni nani apunguzwe.

Masikio na majirani

Jambo hili si la uzuri wa muziki tu. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Ukifika desibeli 100, ni dakika 15 tu. Seti ya dramu ikipigwa kwa nguvu ndani ya nyumba huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na anayeumia kwanza ni mpiga dramu mwenyewe, kisha walio mbele yake. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayarudi. Tulipopima kwa simu mahali anaposimama mwimbishaji, kabla ya fundi kuja tulipata 102, baadaye 90. Simu si chombo cha maabara, lakini tofauti ya desibeli 10 sikio huihesabu kama nusu ya sauti, na kila mtu aliisikia.

Nao majirani wana haki yao. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, hazikuziacha nje nyumba za ibada. Spika inayoelekezwa dirishani haimhubirii jirani, humchosha.

Tuliyokubaliana

Ili atakayeandika historia ya miaka 75 asiikute sentensi ile mara ya 18, mkutano mkuu wa mwaka huu ulipitisha haya:

1. Mpiga dramu ni mwanakwaya kamili. Anahudhuria mazoezi ya sauti, anapewa maneno ya nyimbo, na anakaa mahali anapoweza kuyasikia yakiimbwa.

2. Seti isirudishwe kwenye kona, wala nyuma ya maikrofoni za kwaya. Zulia na blanketi ni mali ya kwaya, zitunzwe pamoja na vyombo.

3. Kabla ya kila Misa kubwa na kila tamasha, mtu mmoja asiyeimba siku hiyo akae kiti cha mwisho na aandike maneno ya ubeti wa kwanza kama anavyoyasikia. Akikosa maneno matatu, tunapunguza chombo, hatuongezi maikrofoni.

4. Padre, msomaji au mwimba zaburi anapoanza, vyombo vyote viwe vimenyamaza. Hakuna kupigapiga kwa kujaribu.

5. Kila kwaresima tunaimba kwa ngoma ya ngozi na kayamba pekee, ili masikio yetu yakumbuke kipimo chake.

6. Mtu akiona sauti imezidi, amwambie fundi au mwalimu wa kwaya baada ya Misa. Asikemewe mwanakwaya yeyote mbele ya watu.

Mkutano huo uliandika pia sentensi ambayo haikuwahi kuwemo daftarini: "Kijana aliyekuwa mpiga dramu wetu mwaka wa 38 aombwe msamaha, nao uombwe na kwaya nzima." Barua iliandikwa na kutiwa sahihi na wote, akiwemo kiongozi aliyemkemea, na ikapelekwa nyumbani kwao. Tumemwalika leo. Hatukumwomba apige, tumemwomba aje tu, akae anapopenda. Kijitabu hiki kinapokwenda kwa mpiga chapa, jibu halijafika.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Sisi tumeona kwamba ngoma yetu haikupasuka, ila watu karibu wapasuke. Tunamshukuru Mungu kwa miaka 50, kwa mzee aliyekausha ngozi asubuhi na mapema, kwa bibi aliyetuambia ukweli kwa upole, na kwa wote waliopiga na kuimba. Leo, wimbo wa mwanzo utakapoanza, mtakaokaa viti vya nyuma tunawaomba msikilize maneno. Mkiyakosa, mtuambie.

Jubilei njema!

Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote